Kusuuza kamera ya chini ya maji ukiwa safarini: tangi la kukunja na maji kidogo

Anayebeba kamera kwenda nayo chini ya bahari huwa amehesabu kila kitu: lenzi, flashi, betri, kadi za kumbukumbu. Kinachosahaulika ni maji ya kuisuuzia na chombo cha kuyatia. Kwenye vituo vikubwa vya kupiga mbizi, Nungwi au Diani, matangi yapo, na mgeni akitulia hapo wiki nzima anaweza kwenda mikono mitupu. Shida inaanza ukivuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kuwatafuta papa potwe, ukilala kwenye nyumba ya wageni Pemba ambayo bomba lake linatoa maji alfajiri tu, au ukikodi boti Shimoni na humo hamna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ila ya kunywa.

Kabla ya vyombo, ujue unapambana na nini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Ikiwa bado imeyeyuka, chumvi hiyo inatoka bila ubishi. Ikikauka ndipo kazi inapoanza. Chukua kioo cha kukuzia uchungulie kitufe cha hausingi (kasha lisilopitisha maji ambalo kamera hukaa ndani yake) ambayo haikusuuzwa safari nzima: utaona duara jeupe kuzunguka shina la kitufe, na springi iliyo chini yake imeanza kushika rangi ya kutu. Kila ukibonyeza, vichembe vile vya chumvi vinaikwaruza oringi ndogo (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyovaa shina hilo, ambayo wewe huifikii mpaka fundi aifungue hausingi. Hausingi za alumini zina ugonjwa wa pili. Skrubu ya chuma cha pua ikikaa ndani ya alumini na maji ya chumvi yakawa katikati, alumini ndiyo inayoliwa, na skrubu inaganda palepale.

Kwa hiyo mambo ni mawili: kamera isikauke kabla ya kusuuzwa, na maji yabadilishwe. Ukubwa wa tangi unakuja baadaye, ingawa watu wengi huanza na huo.

Hatua ya 1: Pima kamera yako kwanza

Toa mikono ya flashi, ile inayoshikilia flashi pembeni mwa hausingi, weka hausingi mezani, pima urefu, upana na kimo kwa sentimita. Ongeza sentimita tatu kila upande na tatu juu, zidisha, kisha gawa kwa 1,000. Jibu ni lita. Hausingi ya sentimita 30 kwa 18 kwa 20 inadai chombo cha lita 20 hivi. Maji utakayotia ni machache kuliko hayo kwa sababu hausingi nayo inachukua nafasi yake. Kamera ndogo ya mfukoni inatosha kwenye lita tano. Zile kamera ndogo kabisa za kuvaa kifuani au kichwani hazihitaji tangi: kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko, la lita mbili, linamaliza kazi.

Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 20 likijaa si la kunyanyuliwa kwa mkono mmoja juu ya boti inayoyumba. Litie maji pale litakapokaa.

Hatua ya 2: Chagua chombo

Mimi napenda begi lisilopitisha maji, lile la kukunja mdomo mara tatu na kubana kishikizo, ambalo watu hulitumia kukingia simu na nguo. Kinachozuia maji yasiingie kinayazuia yasitoke pia. Lina faida mbili ambazo ndoo haina. Kwanza, ni laini, linaikumbatia kamera, kwa hiyo maji machache yanafika kila pembe. Pili, unalifunga mdomo na kamera ikiwa ndani, na boti ikipiga wimbi hakuna kinachomwagika. Chukua la ukubwa wa lita 20 hadi 30 lenye mdomo mpana. Rangi iwe ya kung'aa, njano au nyeupe ndani, maana skrubu au kifuniko kidogo kikidondokea kwenye begi jeusi utakitafuta kwa kupapasa.

Ndoo ya kukunja ya turubai ni nzuri kwa anayefanya kazi nchi kavu: inasimama yenyewe, unaona unachofanya, mikono inaingia yote miwili. Ubaya wake ni kwenye boti, na pia mishono. Iliyoshonwa kwa uzi tu itavuja siku moja. Iliyounganishwa kwa moto haivuji. Mafundi wanaotengeneza maturubai ya malori wana vifaa vya kuunganisha kwa moto, na anayewaza kipimo maalumu anaweza kuwaendea na vipimo vyake vya Hatua ya 1. Mwambie fundi akuwekee pembe za mviringo, mchanga usijifiche. Kisha kabla ya kusafiri nalo, lijaze pomoni jioni, uliweke sakafuni juu ya karatasi kavu, ulitazame asubuhi.

Mfuko laini wa kutunzia barafu, ule wenye zipu na bitana ya fedha, unafaa kwa kamera za kati, na maji hayachemki juani. Ila zipu isiwe tegemeo. Ubebe ukiwa wima.

Na beseni? Beseni la plastiki linapatikana kila soko kuanzia Mkokotoni hadi Lamu, bei yake haiumizi, na ukiondoka unamwachia mwenyeji. Kama unakaa sehemu moja siku nyingi, usijisumbue na lolote kati ya hayo ya juu. Nunua mabeseni mawili ukifika.

Miongozo mingi ya wageni inashauri kutandika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku ili liwe tangi. Huku kwetu acha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mgeni anaweza kuambiwa aiache uwanja wa ndege. Tena mfuko mwembamba hautoboki ukiwa mtupu. Unatobolewa na pembe ya hausingi saa ile umeujaza.

Hatua ya 3: Tafuta maji, na uyapime

Hapa ndipo safari nyingi za visiwani zinapokwama. Kwenye ardhi ya matumbawe, maji ya mvua hukaa chini kama utando juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Kisima kikivutwa sana, au kiangazi cha kaskazi kikirefuka kabla ya masika, yanayopanda ni ya chini, yenye chumvichumvi. Mwenyeji atakwambia ni maji baridi, naye hasemi uongo: kwa kuoga na kufulia yanafaa. Kwa kamera yanafaa kusuuza mara ya kwanza, si ya mwisho.

Kuyapima si kazi. Onja kidogo, uteme. Kama ulimi haukukuambia kitu, dondosha matone machache kwenye kioo au kwenye kisahani cheusi, uache yakauke. Yakiacha doa jeupe lililokoza, usiyaamini kuwa ya mwisho. Sabuni nayo inasema: maji yanayokataa kutoa povu yana chokaa nyingi, na chokaa ikikauka juu ya kuba ya kioo cha mbele utaiona kwenye picha ukielekea jua.

Mpango ninaoufuata visiwani ni dumu moja la lita 20 kwa siku kwa kamera moja, likiwa la kisima au la bomba, na chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu kwa kumwagia mwishoni. Maji ya suuza ya pili hayamwagwi. Jioni yanarudi kwenye dumu la pembeni na kesho yanakuwa ya suuza ya kwanza. Pale ambapo maji yanachotwa kwa ndoo na kubebwa kichwani, si adabu mgeni kumwaga lita 40 chini kwa ajili ya kifaa. Lipia dumu lako, na uulize kwanza: "Shikamoo mama, maji ya kisima hiki ni ya kununua au ya kuomba?"

Upande wa Kenya kuna jambo la ziada. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi ndani ya hifadhi na fukwe zilizohifadhiwa. Ukienda Kisite-Mpunguti au Watamu, maji yako ya kumwagia yatie kwenye chupa ya chuma au dumu dogo la kurudi nalo.

Hatua ya 4: Kwenye boti

Kabla ya kung'oa nanga, tia lita sita hadi nane kwenye begi, likunje mdomo, lifunge kwa kamba kwenye mguu wa benchi au pembeni mwa shina la mlingoti, upande wa kivuli. Kama kuna kreti tupu la soda, litumbukize humo, halitambai tena. Mweleze nahodha na vijana wake hilo begi ni la nini, la sivyo utakuta mtu amesuuzia viatu vya mbizi.

Ukitoka majini, mpe kamera aliye juu kwa mpini, si kwa mkono wa flashi, na umwambie mapema aitie moja kwa moja kwenye begi. Isiwekwe kwenye benchi "kwa dakika moja". Jua la saa sita mchana ndani ya bahari hii linakausha hausingi kabla hujavua mtungi wa hewa, na hewa iliyo ndani ya hausingi ikipata joto kisha ukaitosa tena majini, ukungu unatanda kwenye kioo na mbizi ya pili yote unapiga picha za moshi.

Katikati ya mbizi mbili kamera ikae humohumo. Ukilazimika kubadilisha betri, itoe, ifute ikauke kabisa, ndipo ufungue. Kama betri inafika jioni, usifungue boti ikiwa majini hata kidogo.

Maji yakikosekana kabisa, loweka taulo au kanga kuukuu, hata kwa maji ya bahari, uifunge kamera yote. Huitoi chumvi, lakini unaizuia isikauke mpaka ufike kwenye maji baridi, na hilo ndilo lililokuwa muhimu.

Upande wa mashariki wa Unguja kuna kisa cha maji kupwa. Paje na Jambiani, bahari ikitoka, boti inabaki mbali na nyote mnatembea juu ya mchanga, mwani na mashimo. Mwaga nusu ya maji ya begi kabla ya kushuka, bakiza ya kulowanisha tu, funga mdomo, ubebe begani. Usiburute: chini kuna matumbawe.

Hatua ya 5: Suuza yenyewe

Kagua kwanza. Vishikizo vyote vimefungwa? Vifuniko vya matundu ya nyaya za flashi vipo? Kama hausingi yako ni ya kuvutwa hewa ya ndani kwa pampu ili kujua kama inavuja, na ina taa ya kuonyesha, taa bado ni ya kijani? Usidhani beseni lina usalama kuliko bahari. Ukiwa mita 20 chini, uzito wa maji wenyewe unaibana oringi kuu mahali pake. Ndani ya beseni hakuna kinachoibana, na kishikizo kikigongwa na kitu kingine kinaweza kufunguka bila mlio. Zipo kamera zilizorudi salama kutoka kwenye mwamba na zikazama kwenye lita 15 za maji ya bomba.

Tandika taulo dogo chini ya chombo. Laza kamera kioo kikitazama juu au pembeni, kamwe kisikalie chini. Hausingi ndogo huelea, na sehemu inayoelea haisuuzwi. Iwekee kipande cha madini ya risasi, ule uzito wa mkanda wa mbizi, kilichofungwa ndani ya taulo, au igeuze kila baada ya dakika chache.

Sasa fanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Kamera ikiwa chini ya maji, bonyeza kila kitufe mara kumi, zungusha kila gurudumu kwenda na kurudi, vuta na sukuma kila wenzo. Kuloweka peke yake hakufikishi maji baridi chini ya kitufe. Kitufe chenyewe kikisogea ndipo kinayavuta ya huku na kuyasukuma ya kule. Legeza vibano vya mikono ya flashi, uchezeshe viungo vyake. Flashi nazo ziingie, zikiwa zimezimwa, milango ya betri imefungwa. Acha nusu saa.

Toa, kung'uta, badilisha maji. Usiache hatua hii, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme kamera inatoka baharini na mililita 100 za maji zilizoshikamana nayo, yaani gramu tatu na nusu za chumvi. Ukiitosa kwenye lita 10 mara moja, maji yanayobaki juu yake yana kama gramu 0.35 kwa lita. Ukizigawa lita hizo hizo tano tano, ukasuuza mara mbili, mwishoni yana kama gramu 0.013 kwa lita. Maji ni yale yale, na chumvi imepungua karibu mara 25. Ndiyo maana sibebi tangi kubwa. Anayesafiri na pipa la lita 40 na kulitumia siku nne bila kubadilisha, siku ya nne anasuuzia mchuzi.

Suuza ya pili iwe ya nusu saa hadi saa moja, vitufe vibonyezwe tena. Siku ya mwisho ya safari ilale usiku kucha. Maji yakiwa ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto, chumvi inatoka upesi zaidi. Ya moto usiyatumie. Wala usielekeze mpira wa maji wenye presha kwenye vitufe, unasukuma mchanga kule ambako usingefika wenyewe. Mwishowe mwagia ile chupa ya maji ya kunywa, ukianzia kwenye kioo.

Kitufe kikiwa tayari kimegoma, usikimbilie mafuta ya kulainishia ya gereji. Yanaweza kuivimbisha oringi. Ilaze kamera kwenye maji ya uvuguvugu, uwe unarudi kukibonyeza kila unapopita. Mara nyingi kinaachia.

Hatua ya 6: Kausha, ndipo ufungue

Futa kwa taulo laini lisilotoa nyuzi, isipokuwa kioo: hicho kiguse tu, kinyonywe maji, usisugue. Weka kivulini penye upepo. Juani hapana, plastiki na mpira vinachoka. Kabla ya kufungua, kausha mfereji kuzunguka mlango kwa ncha ya kitambaa, kausha mikono yako na nywele, kisha fungua mlango ukiwa umeelekezwa chini ili tone lililojificha lidondoke nje. Oringi kuu itoe, ipitishe kati ya vidole viwili, tafuta mchanga na unywele, ipake grisi ya silikoni kidogo tu, ya kuipa mng'ao. Kama mtengenezaji wa hausingi yako ametaja grisi yake, tumia hiyo.

Tangi la pamoja

Kuna wakati kituo kina tangi, nawe umechoka. Litazame kabla ya kutosa. Kama ndani mna miwani ya mbizi, limebeba shampuu na dawa za kuzuia ukungu. Kama juu lina utando wa mafuta, ni krimu za jua za watu. Kama kamera ziko tano, moja ikalalia kioo cha nyingine, pita. Likiwa la kamera pekee na lina nafasi, tosa, bonyeza vitufe, simama hapohapo dakika zako tano, utoe. Usiondoke kwenda kula ukaiacha humo. Si kwa sababu ya wezi, ni kwa sababu ya yule anayekuja na hausingi ya kilo tano akaidondosha juu ya yako. Suuza ya kweli ukaifanye chumbani.

Hatua ya 7: Kufunga mizigo

Ndege ndogo za visiwani mara nyingi zinaruhusu kilo 15 za mizigo, na zinapenda mabegi laini. Tangi la kukunja linalipa nauli yake hapo: limwage, lifute, lijaze fulana na suti ya mbizi, liwe begi la nguo. Betri za lithiamu za akiba, za kamera na za flashi, zinakaa nawe ndani ya ndege, ncha zake zimezibwa kwa utepe, wala hazitiwi kwenye mzigo wa chini.

Usilikunje tangi likiwa na maji. Ligeuze ndani nje usiku wa mwisho, litundike mdomo ukiangalia chini, maana ukungu ukishashika kwenye mikunjo ya turubai harufu yake haitoki kwa sabuni. Ukifika nyumbani, loweka hausingi usiku mmoja zaidi kwa maji ya bomba ya kwenu, ikaushe, na unapoiweka kabatini usiubane mlango wake, ili oringi isikae imekandamizwa miezi yote hiyo.